Biri tatu, baraza moja la Tanga: unaonja jani au unaonja unyevu?

Chukua biri mbili kutoka boksi moja. Ya kwanza iache juu ya meza sebuleni Chumbageni, dirisha wazi, siku tano za mvua ya masika. Ya pili iweke siku hizohizo kwenye chumba ambacho kiyoyozi kinawaka kutwa kucha. Kisha ziwashe. Ya kwanza itazimika mara mbili tatu, itavutika kwa taabu, moshi wake utakuwa kama mvuke wenye uchachu, na ukiilazimisha itageuka chungu. Ya pili itaungua mbio, itachoma ulimi, na harufu yake nyingi itakuwa imeshapotea hewani kabla hujaiwasha. Mpe mtu asiyejua habari, atakuapia kwamba hizo ni tumbaku za nchi mbili tofauti.

Wengi wanaolinganisha biri hapa pwani hawalinganishi tumbaku, wanalinganisha maji. Biri moja imeletwa na msafiri jana kutoka Dubai, nyingine imekaa miezi miwili kwenye kabati la nguo Ngamiani, ya tatu imetoka kwenye friji. Zinawashwa jioni moja na hukumu inatolewa: hii ya Nicaragua ni kali, hii ya Kuba haina kitu. Hukumu hiyo haina msingi mpaka zote tatu ziwe zimefikishwa kwenye unyevu mmoja.

Kilichomo ndani ya biri

Biri tunayoizungumzia ni ile nene ya tumbaku tupu, isiyo na karatasi wala chujio. Wauzaji wengine huiita siga. Ya daraja la juu husokotwa kwa mkono, na majani yake ya ndani ni marefu, yanatoka kichwani hadi mguuni. Kichwa ni upande unaoingia mdomoni, mguu ni upande unaowashwa. Tazama mguu kwenye mwanga: ukiona mikunjo ya majani kama kitambaa kilichokunjwa, hayo ni majani marefu. Ukiona makombo, hiyo ni ya mashine au ya bei nafuu, na majivu yake yatadondoka mapema.

Kuna tabaka tatu. Jani la nje ni laini, halina mishipa mikubwa, na ndilo ghali kuliko yote. Chini yake lipo jani la kufungia, gumu kidogo, linaloshika umbo. Katikati ni majani ya ndani, na hapo ndipo mchanganyaji anapoonyesha ujuzi wake. Mmea mmoja wa tumbaku hautoi jani la aina moja. Majani ya juu, yanayokula jua, ni mazito, yana mafuta na nikotini nyingi, na huwaka taratibu. Wakuba huyaita ligero. Ya kati ni seco, yenye harufu nzuri na nguvu ya wastani. Ya chini ni volado, hafifu kwa ladha, lakini bila hayo moto hauendi. Msokotaji mzuri huweka ligero katikati kabisa, kwa sababu likikaa pembeni upande huo utachelewa kuwaka na biri itaungua mshazari.

Swali la vijiweni ni hili: sisi tunalima tumbaku Tabora, Urambo na Chunya, mbona hatusokoti biri kwa hiyo? Sehemu kubwa ya tumbaku hiyo ni Virginia, inayokaushwa kwa joto ndani ya mabani, yaani vibanda vya kukaushia, kwa siku chache. Joto hilo linaiacha sukari ndani ya jani, na moshi wake unakuwa na asidi kidogo. Ndiyo maana sigara huvutwa hadi mapafuni: nikotini ya moshi wa namna hiyo haipiti vizuri kwenye ngozi ya mdomo. Jani la biri linatundikwa kivulini, upepo ukipita, wiki sita hadi nane. Sukari yake karibu yote inakwisha. Kisha majani yanatiwa maji kidogo na kurundikwa malundo makubwa yanayojipasha moto yenyewe ndani, yanapinduliwa, yanarundikwa tena, kwa miezi. Amonia inatoka, ukali unapungua, rangi inakolea. Moshi wa jani hilo una alkali, na nikotini yake inapita moja kwa moja kwenye mdomo.

Kwa hiyo biri haivutwi hadi mapafuni, na kwa hiyo pia humlevya mtu ambaye hajameza hata pumzi moja ya moshi. Biri ya ukubwa wa kawaida ina uzito wa gramu 12 hadi 16, karibu sawa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara 20. Moshi wake unahusishwa na saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu, na kutouvuta mapafuni kunapunguza hatari ya mapafu tu, hakuiondoi, na mdomo na koo havipati nafuu yoyote. Anayeamua kuonja aamue akijua hilo, afanye mara chache, mbali na watoto, na asimgawie aliye chini ya miaka 18. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ya 2003 imekataza kumuuzia.

Kwanza ziwe sawa

Kanuni iliyozoeleka inasema biri itunzwe kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Hewa ya Tanga asubuhi nyingi inapita asilimia 80, na miezi ya kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi kinakaa karibu na nyuzi 30. Kisanduku cha mbao chenye sponji ya kumwagia maji kiliundwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu, ambao shida yao ni kuongeza unyevu. Shida yetu ni kuutoa. Ukitia maji kwenye sponji hiyo mwezi wa Aprili, baada ya wiki chache utakuta koga.

Kinachofaa hapa ni boksi la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko unaobana na mpira pembeni, jipya, lililooshwa na kuachwa wazi siku mbili hadi lisinuke kitu. Ndani yake weka pakiti za kusawazisha unyevu, zile zinazotoa maji hewa ikiwa kavu na kuyanyonya hewa ikizidi. Boveda ndiyo inayojulikana zaidi, na namba iliyoandikwa juu yake ni asilimia inayolengwa: 62, 65, 69, 72. Kwa Tanga tunashauri 62 au 65, si 69 wala 72. Kwanza, kila unapofungua mfuniko hewa nzito inaingia, na pakiti ya namba ya chini inabakiza nafasi ya kuimeza. Pili, kwenye joto letu koga huota upesi unyevu ukikaribia 75. Pakiti moja ya gramu 60 inatosha biri 25 hivi. Ikilowa na kujaa kama mto wa maji, imeshiba: haiwezi kunyonya tena, ibadilishe.

Utajuaje kama ndani kweli ni 65? Kwa haigromita, kifaa cha kupima unyevu wa hewa, na haigromita nyingi za bei ndogo hudanganya kwa asilimia tatu hadi saba. Ipime kwa chumvi. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji matone machache mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni maji yalipotoka: imelowa, haijayeyuka. Weka kizibo na haigromita kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa, visigusane, uviache saa 8 hadi 12 mahali pasipo na jua. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, iwe nyuzi 25 au 30. Kifaa kikisoma 71, basi siku zote ongeza 4. Kikisoma 80, toa 5. Kosa la kawaida ni kutia maji mengi hadi chumvi yote ikayeyuka. Hapo kipimo kinapanda na utalaumu kifaa bure.

Haigromita inapima hewa ya boksi, haipimi tumbaku. Hewa inabadilika kwa saa, moyo wa biri kwa wiki. Kipimo cha kuaminika zaidi ni mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama anayotumia sonara. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi: biri A, 14.3. Baada ya siku tatu pima tena: 14.0. Siku tatu nyingine: 13.8. Kisha 13.7, halafu 13.7 tena. Uzito ukisoma vilevile mara mbili mfululizo, biri imepatana na pakiti. Iliyotoka kwenye hewa ya Tanga tupu huchukua wiki mbili au tatu, nene zaidi huchukua zaidi. Usiiharakishe kwa kuiweka mbele ya feni au juani: jani la nje litakauka na kusinyaa wakati moyo bado umevimba, na litapasuka.

Kabla ya hapo kuna suala la mdudu. Mdudu wa tumbaku ni kijidudu cha kahawia, urefu milimita 2 hadi 3, na mayai yake huweza kuwa ndani ya jani tangu ghalani, kabla biri haijasokotwa. Kwenye baridi hulala, kwenye nyuzi 30 za Tanga huanguliwa, na funza wake hutoboa biri tundu la mviringo safi kama la sindano nene. Mdudu huyuhuyu hula pilipili kavu na viungo vingine, kwa hiyo boksi la biri lisikae rafu moja na viungo vya Muheza. Kila biri inayoingia nyumbani ifungwe mifuko miwili ya plastiki, hewa iminywe itoke, ikae kwenye friji siku moja, kisha kwenye friza siku nne au tano, kisha irudi kwenye friji siku moja, halafu mezani siku moja, na wakati wote huo mifuko isifunguliwe. Ukifungua biri ingali baridi, umande utaiangukia na kuacha madoa. Umeme ukikatika na friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya.

Jambo la mwisho kwenye utunzaji ni harufu. Tumbaku hunyonya harufu kama mchele unavyonyonya moshi. Kabati lenye udi, ubani, karafuu au vidonge vya nafutalini litaihamishia biri harufu hiyo na haitatoka. Ndiyo maana maboksi ya biri huundwa kwa mbao za msederela, mti wa Amerika ya joto unaoitwa kimataifa Cedrela odorata, ambao harufu yake haigombani na tumbaku. Ni wa familia moja na mkangazi na mwarobaini, nasi tunao: huko Kimboza, Morogoro, ulipandwa na sasa umevamia msitu wa asili. Vipande vyembamba vya ubao huo, vikavu kabisa, visivyopakwa vanishi, vinafaa kuwekwa ndani ya boksi la plastiki. Kwa joto, boksi hilo liingie ndani ya lile boksi la sponji ambalo wauza samaki hutilia barafu, likiwa jipya na bila barafu. Halipoozi, lakini linazuia joto lisipande na kushuka mchana na usiku.

Nguvu, uzito, ladha

Maneno haya matatu yakichanganywa, mazungumzo yote ya biri yanavurugika. Nguvu ni nikotini: unaisikia kichwani na tumboni, si ulimini. Uzito ni namna moshi unavyojaza mdomo. Ladha ni kile kinachofanana na vitu vingine, mdalasini, korosho, udongo. Chai ya rangi iliyokolea ina nguvu lakini ni nyepesi mdomoni. Chai ya maziwa yaliyochemshwa na tangawizi na iliki ni nzito na imejaa ladha, na huenda nguvu ya majani yake ikawa ndogo. Biri nazo ziko hivyo. Ipo yenye ladha tele isiyokulevya, na ipo inayokuangusha bila kukuambia kitu.

Rangi ndiyo inayopotosha zaidi. Watu huona jani la nje jeusi wakasema hii ni kali. Nguvu inatoka kwenye ligero ya ndani, ambayo huioni. Jani jeusi linaloitwa maduro limerundikwa muda mrefu zaidi na kwa joto zaidi, na mara nyingi limekuwa tamu kidogo, la kufanana na sukari guru na kahawa. Biri ya rangi ya chai ya maziwa inaweza kuwa kali kuliko hiyo mara mbili. Majivu meupe nayo si cheti cha ubora. Rangi ya majivu hutokana zaidi na madini ya udongo.

Kuhusu nchi tutapita haraka, maana ramani haionji. Majani maarufu ya Kuba hutoka Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río. Nicaragua ina Estelí, udongo mweusi wa volkano na tumbaku yenye nguvu, na Jalapa, ambako jani huwa laini na tamu zaidi. Jamhuri ya Dominika hulima bonde la Cibao, na biri zake nyingi ni tulivu. Ekwado hutoa majani ya nje chini ya mawingu ambayo hufanya kazi ya turubai ya kivuli. Meksiko ina San Andrés, jani nene jeusi. Na Afrika ipo: jani la nje la Cameroon, linalolimwa Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ni jembamba, lina vipele vidogo ukilipapasa, na lina utamu mkavu ambao wengi huufananisha na viungo.

Palipo na mtego ni kwenye majina. Baada ya Kuba kutaifisha viwanda mwaka 1960 na Marekani kuweka vikwazo mwaka 1962, wenye mbegu na ujuzi wengi walihamia nchi jirani, na majina ya biri yakagawanyika. Leo kuna Montecristo ya Kuba na Montecristo ya Dominika, Cohiba mbili, Partagás mbili, Romeo y Julieta mbili. Hazina uhusiano wa majani. Anayekwambia amevuta Montecristo hajakwambia kitu bado. Pindua boksi usome chini: la Kuba limechomwa maneno Hecho en Cuba, yaani imetengenezwa Kuba, na tangu 1989 Totalmente a mano, yaani kwa mkono kabisa. Boksi la Cohiba ya Kuba lenye mfuniko wa kioo ni la kughushi, lote, bila haja ya kuendelea kukagua.

Badilisha kitu kimoja tu

Ukilinganisha biri nyembamba ya Kuba na nene ya Nicaragua yenye jani jeusi, umebadilisha vitu vinne kwa pamoja na hutajua kipi kilikupa tofauti. Unene peke yake unatosha kugeuza ladha. Hupimwa kwa geji, yaani sehemu za inchi zilizogawanywa 64: geji 38 ni milimita 15 hivi, geji 50 karibu milimita 20, geji 60 karibu 24. Biri ikinenepa, majani ya ndani yanaongezeka upesi kuliko jani la nje linaloyazunguka. Kwa kila gramu ya ndani, biri ya geji 38 ina jani la nje mara moja na nusu ya ile ya geji 60. Kwa hiyo anayetaka kulijua jani la nje achukue nyembamba, na anayetaka kujua mchanganyiko wa ndani achukue nene.

Kwa kuanzia, tunapendekeza robusto: geji 50, urefu milimita 124, dakika 45 hadi 60 za kuvuta. Chagua tatu za urefu na unene mmoja, zenye majani ya nje tofauti, tuseme la Ekwado la rangi hafifu, la Cameroon, na la San Andrés. Hapa kuna tatizo la uaminifu: viwanda vingi vikibadilisha jani la nje hubadilisha na ya ndani. Ulinganisho safi zaidi ni wa mfululizo unaotoka kwa rangi mbili katika ukubwa uleule, kama 1964 Anniversary ya Padrón wa Nicaragua, unaouzwa Natural na Maduro. Na kila aina nunua angalau mbili, ikiwezekana tatu. Kazi ya mkono hutofautiana, na biri moja iliyosokotwa kwa kubana sana isihukumu boksi zima.

Wakati mzuri ni asubuhi kabla upepo wa bahari haujaanza, au usiku umetulia. Baraza la Raskazone saa kumi alasiri lina mandhari nzuri, lakini upepo unalichochea kaa la moto kama mvukuto wa mhunzi: upande mmoja unaungua kwa kasi, moshi unapata joto, na ladha inakuwa chungu. Zima pangaboi. Uwe umekula. Mezani yawepo maji ya kawaida yasiyo baridi na kipande cha boflo kikavu. Kahawa chungu, soda na hata madafu yasubiri, kwa sababu kila kimoja kinaacha kitu mdomoni. Usivute zaidi ya mbili kwa siku. Tatu kwa mkao mmoja ni kujidanganya, kwani ya tatu unaionja kwa ulimi uliokwisha kufa ganzi. Zigawe siku tatu, saa ileile, kiti kilekile, kisha rudia mzunguko ukianza na ile iliyokuwa ya mwisho.

Kata kichwa kwa kisu chenye makali kweli, milimita 2 tu, juu ya pale ambapo kofia, kile kipande cha jani kinachoziba kichwa, inaanza kujikunja. Ukikata chini zaidi, jani la nje litafunguka kama bandeji. Kabla ya kuwasha vuta hewa tupu: ikipita kwa ugumu wa kunywa juisi nzito kwa mrija, ni sawa. Ikigoma kabisa, usiihesabu kwenye ulinganisho. Washa kwa kiberiti cha gesi au njiti ndefu ukisubiri baruti iishe, si kwa mshumaa wala kibatari, maana nta na mafuta ya taa huingia kwenye jani. Shika mguu sentimita moja au mbili juu ya ulimi wa moto, uzungushe sekunde 20 hadi 30 mpaka ukingo wote uwe mweusi, ndipo uvute. Puliza taratibu mguuni utazame: kaa liwe jekundu duara zima.

Baada ya hapo, pumzi moja kila dakika, ya sekunde mbili au tatu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mvutaji wa sigara amezoea kuvuta kila sekunde 20, na biri ikivutwa hivyo kaa linapanda joto, lami inakusanyika kichwani, na kila aina inakuwa na ladha moja, ya uchungu. Acha moshi ukae mdomoni kisha utoke. Mara moja katika kila theluthi ya biri, funga mdomo na utoe sehemu ndogo ya moshi kupitia puani bila kuumeza. Ulimi unajua utamu, uchungu, chumvi, uchachu na utamu wa mchuzi. Mengine yote unayoyaita ladha ni kazi ya pua.

Ili kuyataja unahitaji maneno ya hapa. Maelezo ya kigeni yamejaa matunda ya baridi ambayo wengi wetu hatujawahi kuyanusa. Andaa chupa ndogo nane: kahawa iliyosagwa, mdalasini wa Amani, pilipili manga, korosho za kukaanga, kashata iliyoungua kidogo, tende, vumbi la mbao kutoka kwa seremala, na kipande cha kamba mpya ya mkonge. Zinuse saa moja kabla, si wakati wa kuvuta. Ukiongeza karafuu, inuse tu, usiitafune, kwani inatia ulimi ganzi. Hapo unaweza kuandika "theluthi ya kwanza: kamba ya mkonge na pilipili manga, ya pili: korosho, kashata", na mtu wa Makorora akaelewa ulichoonja. Kila mtu aandike kabla ya kusema. Mmoja akitamka "kokoa" kwa sauti, wote wanaanza kuionja kokoa.

Biri ikianza kuungua mshazari, upande unaochelewa uelekeze chini dakika chache, ndipo utumie kiberiti kama haujajirekebisha. Jani la nje likipasuka mguuni na kufumuka, unyevu wa ndani ulikuwa mwingi: moto umeugeuza mvuke na majani yamevimba. Harufu ya amonia inayopanda puani ni jani lililotoka kwenye lundo mapema. Irudishe boksini miezi kadhaa. Unyoya mweupe au wa kijani juu ya jani ni koga, na mguuni ukiuona tupa biri hiyo. Jasho la baridi na kichefuchefu ni nikotini: iache hapohapo, kunywa maji yenye sukari, kaa kwenye hewa. Na usiivute hadi mwisho. Zikibaki sentimita nne imeshakusanya lami, na kuihukumu hapo si haki.

Ukishaona unazijua biri zako, fanya jaribio hili. Mwenzako achukue biri tatu za ukubwa mmoja, mbili za aina moja na moja ya aina nyingine, zilizokaa boksi moja hadi uzito ukatulia. Azivue pete, zile karatasi zenye jina la biri, azizungushie karatasi yenye namba, akufumbe macho kwa kitambaa ili hata rangi usiione. Siku tatu, biri moja kwa siku, theluthi moja tu ya kila biri. Kazi yako ni kusema ipi ni mgeni. Ukibahatisha, utapatia mara 1 kati ya 3. Ukirudia jaribio zima ukapatia tena, bahati inabaki 1 kati ya 9, na mara ya tatu 1 kati ya 27. Kisha mwombe afanye mzunguko mmoja zaidi bila kukuambia, na safari hii zote tatu ziwe za boksi moja, ila moja iwe imelala wiki nzima dirishani, kwenye hewa ya Tanga.